Mkono wa Kushoto wa Gaudensia

Mwalimu Longinus alisimama kusema wasifu wa marehemu bila karatasi, kwa kuwa anaamini msomi hahitaji karatasi, na haukupita muda akawa ameshamweka Mama Oresta pembeni na kuanza kujieleza mwenyewe. Tulikuwa Mshangano, Songea, chini ya turubai la kukodi, kwenye viti vya plastiki vilivyozama miguu katika udongo mwekundu. Nyuma yetu ilikuwa nyumba ileile niliyopanga chumba nikiwa kijana, ingawa sasa ina dari na madirisha ya alumini. "Nyumba hii ilikuwa shule," alisema Mwalimu. "Hapa marehemu na mimi tulimnyoosha binti aliyekuja na mkono usiotulia. Hatukutumia dawa, ndugu waombolezaji. Kitambaa na nidhamu, basi." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee aliyekaa jirani yangu akaniinamia akanong'ona kwamba walimu wa namna hiyo siku hizi hawapo tena. Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba tumshukuru Mungu. Binti mwenyewe, ambaye sasa ni mama mtu mzima, alikuwa wakati huo nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wengine, akipakua chakula cha msiba. Alikuwa anasikia kila neno.

Sikwenda kulia. Nilikwenda kwa sababu mtu ukila ugali wa nyumba fulani mwaka mzima unapaswa kuwepo siku mwenye nyumba anapotolewa kuzikwa. Lakini nilipomsikia Mwalimu akisimulia mwaka ule kama alivyousimulia, bila aibu, mbele ya watu ambao hawakuwepo, niliona afadhali niueleze mimi, taratibu, kwa mpangilio. Ni mwaka ulionifanya niwe mtu asiyeamini maelezo yanayotoka haraka. Sijawahi kujuta kuwa hivyo, ingawa kumenifanya nionekane mkavu.

Nilikuwa nimepata kazi katika duka la pembejeo mjini Songea, kupima mbolea na kuuza mbegu za mahindi. Wapangaji wa Mama Oresta tulikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Longinus, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine na ambaye tangu siku ya kwanza aliichukulia Songea kama adhabu aliyopewa kimakosa. Wa pili alikuwa Bwana Rashidi, mfanyabiashara wa Tunduru, aliyeleta korosho na kurudi na chochote kilichokuwa na soko. Wa tatu mimi. Vyumba vilipangana upande mmoja wa sebule ndefu yenye meza, na kuta zake za tofali za kuchoma zilipanda hadi juu kidogo ya kichwa cha mtu, zikaishia hapo. Dari hakuna, juu yetu sote kulikuwa na bati moja. Kwa hiyo kila mtu alijua kila mtu anakohoaje, anasali nini na anamsema nani. Bwana Rashidi aliamka kwa swala ya alfajiri, Mama Oresta akajibu kwa rozari kutoka chumbani kwake, na Mwalimu akawalalamikia wote wawili kwa Kiingereza, akidhani hatumwelewi. Hatukumwelewa, kweli. Lakini sauti ya mtu anayelalamika haihitaji tafsiri.

Gaudensia alikuwa binti wa kaka yake Mama Oresta, aliyeletwa mjini kumsaidia shangazi yake kazi za nyumba. Alikuwa na umri wa kuolewa, mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na jambo moja ambalo mimi nililiona mapema kwa sababu hukaa nikitazama: mikono yake ilifanya kazi pamoja. Mkono wa kulia ukifunga ngumi, wa kushoto ulifunga ngumi. Wa kulia ukifungua, wa kushoto ulifungua, kwa nguvu ndogo zaidi lakini wakati uleule. Alikuwa amejifunza kuishi nao. Aliposonga ugali alishika mwiko kwa mikono yote miwili na kuibana sufuria kwa vigingi viwili vilivyochimbiwa kando ya mafiga. Kukanda unga wa maandazi, kupepeta, kutwanga, kufua, kazi zote ambazo mkono huu unafanya kama ule, hakuna aliyemfikia. Kazi ya kushika kwa huku na kukata kwa huku ndiyo iliyomshinda, na mboga alizichambua kwa kuzikandamizia jiwe juu ya ubao badala ya kuzishika. Mtu mwenye macho angeona katika siku chache kwamba hapo pana kanuni. Meza yetu haikuwa na watu wa kutafuta kanuni.

Ugomvi ulianza na sahani. Kwa desturi ya nyumba ile, na ya nyumba nyingi, mkubwa huandaliwa kwanza. Gaudensia alibeba sahani mbili, moja kila mkono, na hakuweza kuiachia moja akabaki na nyingine. Vidole vya kulia vikifunguka, vya kushoto navyo vilifunguka. Basi alisimama kati ya watu wawili na kuziweka mezani zote kwa pamoja. Mwalimu na mimi tulikaa ubavu kwa ubavu.

"Mama Oresta," alisema Mwalimu jioni moja, akiitazama sahani yangu ya maharage kana kwamba imemtukana, "hivi mimi na huyu kijana wa mbolea tuna cheo kimoja?"

"Gau, umesikia?" alisema Mama Oresta.

"Nimesikia, Shangazi."

"Basi mwalimu kwanza."

"Zikija mbili, zinashuka mbili, Shangazi."

"Lete moja moja."

Akawa analeta moja moja, akitembea kwenda jikoni na kurudi mara mbili zaidi, na Mwalimu akaridhika kwamba elimu imepata nafasi yake. Mambo yangeishia hapo kama jiko la nje lisingeanguka kwa mvua ya Januari. Gaudensia, ambaye siku zote alikula jikoni peke yake, ikambidi ale nasi sebuleni, kwenye kona ya meza. Ilikuwa ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, likolo, mboga yetu ya majani, tamu sana. Alimega tonge kwa mkono wa kulia, akalifinyanga. Na kwenye mapaja yake, juu ya kanga, mkono wa kushoto ulimega hewa, ukaifinyanga hewa, ukatengeneza na kishimo cha kuchotea mchuzi, kwa ufundi uleule.

Bwana Rashidi ndiye aliyeona. Aliacha kutafuna. "Binti," aliuliza kwa sauti ya upole, "unamlisha nani huko chini?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani mahali ambapo watu hula kwa uma jambo hili lingeweza kupita maisha mazima bila kuonekana. Kwetu mtu anayefinyanga tonge lisiloonekana ana mgeni asiyeonekana. Mama Oresta akafanya ishara ya msalaba. Gaudensia akaukalia mkono wake, na mkono wa kulia, uliokuwa umebeba tonge, ukaanguka mezani kama kitu kilichokatwa kamba.

Kuanzia hapo hatukuwa na mazungumzo mengine. Bwana Rashidi alisema huyo ni pacha aliyefia tumboni anayedai haki yake ya chakula, na kwamba huko kwao Tunduru kuna mzee anayejua kumpa pacha buriani kwa dawa ya kupaka. Katekista wa kigango, aliyepita Jumapili kula chakula cha mchana, alisema ni jambo la novena, zile sala za siku tisa, na akaongeza kwamba novena hufanya kazi vizuri zaidi mwenye nyumba akiwa mkarimu. Majirani walisema ni kifafa, wengine wakasema ni kiburi. Mwalimu aliwasikiliza wote kwa tabasamu la mtu anayesubiri watoto wamalize. "Hiyo inaitwa tabia," alisema. "Tabia huvunjwa. Darasani nimevunja tabia ngumu kuliko hiyo. Ufungwe wakati wa kula, ukose mazoezi, utasahau."

"Na wewe, mdogo wangu?" Bwana Rashidi aliniuliza. "Wewe unasemaje?"

"Sijui," nilisema.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Kijana wa mbolea hajui. Andikeni."

Nimewahi kufikiria sana kicheko kile. Mezani pale palikuwa na majibu manne au matano, yote ya uhakika, yote kutoka kwa watu ambao hawakuwa wameutazama mkono wenyewe hata kwa muda wa kumenya ndizi. Jibu pekee lililokuwa sahihi ndilo lililochekwa.

Jumamosi moja alasiri nilimkuta Gaudensia barazani akichagua maharage. Mwalimu alikuwa amekwisha kuanza matibabu yake: kila mlo mkono wa kushoto ulifungwa kwenye mguu wa kiti kwa kipande cha kanga, na kifundo chake kilikuwa na alama nyekundu. Nilimpa vipande viwili vya mkaa, nikamwomba aandike jina lake sakafuni kwa mkono wa kulia tu, na ule mwingine auache ufanye unavyotaka. Akaandika. Mkono wa kulia uliandika kutoka katikati kwenda kulia. Mkono wa kushoto uliandika kutoka katikati kwenda kushoto, kwa wakati mmoja, herufi kwa herufi, zikiwa zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Majina mawili yalisimama kwenye saruji yakiwa yamepeana mgongo.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu kuzaliwa, kaka. Huu mdogo, ndio unamwiga mkubwa wake." Aliunyanyua wa kushoto, na wa kulia ukanyanyuka kidogo. "Mama alikuwa anasema, usimpige mdogo kwa kumwiga mkubwa, hana kosa, anataka kujifunza."

"Na Mwalimu ulimwambia?"

"Mwalimu haulizi. Mwalimu anajibu."

Wakati huohuo alitokea mwenyewe, ametoka kunyoa. Alisimama juu ya yale majina mawili. Ushahidi wote ulikuwa chini ya viatu vyake, umeandikwa kwa mkaa, na ni mtu ambaye serikali ilimlipa kusoma maandishi ya watoto. "Mnachafua saruji," alisema, akapita.

Ilinichukua miaka mingi kujua nilichokuwa nimekiona. Sikukisoma shuleni, nilikisoma kwenye simu, kwa kamusi, nikiirudia aya moja mpaka ikubali. Nilijifunza kwamba neva hazizaliwi zikiwa zimeshafika. Mtoto akiwa bado tumboni, kila seli ya neva hutoa uzi, na uzi huo husafiri kutafuta mahali pake. Kwenye ncha yake kuna kitu mfano wa kiganja kinachopapasa. Waandishi wavivu husema uzi hufuata ramani. Hakuna ramani. Kuna mstari wa katikati ya mwili, na seli zilizo kwenye mstari huo humwaga kemikali za aina mbili: moja huita, nyingine hufukuza. Zote hutoka mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mtu akiambiwa hivyo hudhani uzi utazisikiliza zote, utajumlisha na kutoa, kisha utasimama mahali fulani pa maelewano, kama kikao cha ukoo. Haufanyi hivyo. Uzi husikia kile tu ambacho umekiwekea kipokezi juu ya ngozi ya seli. Kipokezi ni protini iliyopenya ngozi hiyo: kichwa chake kiko nje na hushika kemikali, mkia wake uko ndani na hupeleka habari. Uzi unaokaribia katikati huweka nje vipokezi vya mwito, na vile vya kufukuzwa huvizuia au kuvizubaisha, kwa hiyo husonga mbele kama mtu aliyezibwa sikio moja. Ukishavuka, mambo hugeuka. Vipokezi vya kufukuzwa hujaa juu ya ngozi, na kimoja kikishashika kemikali yake, mkia wake hukamata mkia wa kipokezi cha mwito huko ndani na kukinyamazisha. Hilo limeonekana wazi kwa neva za vyura zilizokuzwa kwenye sahani ya kioo. Mwito bado upo, mkali kama mwanzo. Haufanyi kazi tena. Ndiyo sababu uzi huvuka mara moja na haurudi ulikotoka.

Kwa mavuko ya namna hiyo upande wa kushoto wa ubongo huendesha mkono wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto. Ziko koo ambazo kipokezi cha mwito hutengenezwa pungufu kwa kurithi, na kwa baadhi ya watu wa koo hizo nyuzi zinazoshuka kutoka ubongoni hazivuki zote inavyopaswa. Upande mmoja wa ubongo ukiamuru, amri hufika mikono yote miwili. Mtu huyo ni mzima, akili yake timamu, ila hawezi kutuma mkono mmoja peke yake. Sisemi kwamba Gaudensia ni mmoja wao. Hakuna aliyempima. Nasema kinafanana na nilichokiona barazani, na kwamba hakifanani hata kidogo na pacha, kifafa, kiburi wala tabia.

Mwalimu alichagua sikukuu ya Pasaka kutangaza ushindi wake. Palikuwa na kuku wawili, wali, katekista na familia yake, na jirani mmoja mwenye ulimi mrefu aliyealikwa kwa makusudi. Kwa wiki nyingi mkono ulikuwa umefungwa, na kwa kuwa mkono uliofungwa hauonekani ukicheza, Mwalimu alikuwa ameshahitimisha kwamba umepona. Ni sawa na mtu anayefunika saa ya mezani kwa sufuria halafu akatangaza kwamba amesimamisha siku. Alisimama, akaeleza kanuni za malezi, kisha akafungua kile kitambaa yeye mwenyewe kwa vidole viwili. "Kula, binti," alisema. Gaudensia alimtazama shangazi yake. Akamega wali. Mkono wa kushoto, uliotoka kifungoni na hamu yake yote, ulipanda juu ya meza mbele ya katekista, ukamega, ukafinyanga, ukapeleka tonge la hewa hadi karibu na kinywa.

Mtoto mmoja wa katekista alisema, "Baba, anakula mara mbili."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika kama ule wa Mwalimu. Katika usomaji wangu nilikutana baadaye na jambo linaloueleza vizuri. Kipokezi cha mwito, kikipata mwenzake wa aina nyingine ubavuni, huisikia kemikali ileile iliyokuwa ikiita kama kemikali ya kufukuza. Kemikali haijabadilika chembe. Kilichobadilika ni kilichosimama mlangoni. Tangu Januari Mwalimu alikuwa amemcheka Bwana Rashidi na mzee wake wa Tunduru. Jina la mganga likitajwa alivuta mdomo kama aliyelamba shubiri. Baada ya Pasaka aibu ilikaa ubavuni mwa elimu yake, na maneno yaleyale ya Bwana Rashidi, bila kuongezwa wala kupunguzwa, yakawa matamu. Aligundua ghafla kwamba wazee wana hekima. Akavuka hata mpaka wa Bwana Rashidi, ambaye hakuwahi kutaja zaidi ya dawa ya kupaka.

Siku ile tulikuwa ndani kwa sababu ya mvua, mvua kubwa ya mwisho wa masika, na bati lilinguruma hivi kwamba watu walizungumza kwa kupayuka. Mama Oresta na Mwalimu walikuwa chumbani kwa Mama Oresta. Bwana Rashidi alikuwa mezani akishona gunia kwa shazia. Gaudensia alikuwa amekaa juu ya kigoda akikanda unga, mikono yote miwili ndani ya beseni, inapanda na kushuka kama watu wawili wanaopatana. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu. Mvua ikakatika. Kwetu mvua hukatika hivyo, kama mtu aliyefunga bomba, na sauti ya Mwalimu ikabaki peke yake hewani, bado inapayuka:

"—achomwe huo mshipa kwa chuma! Mshipa ukifa, mkono unatulia. Mwambie Rashidi amweleze mzee, nusu dawa haitakiwi!"

Maji yalichuruzika kutoka kwenye bati. Mikono ya Gaudensia ilisimama ndani ya unga. Bwana Rashidi alibaki ameinua shazia, anazitazama kuta, na alipoona kwamba binti amesikia, akashusha macho.

"Nimewasikia wote," ilijibu sauti ya Mama Oresta, sasa chini. "Mimi nimewasikia wote. Aende Ijumaa."

Huo ni uongo ambao watu wenye kuamua husema sana. Hakuna anayesikia wote. Mama Oresta alikuwa na kipokezi kimoja tu kilichokuwa kazini tangu Pasaka, nacho kilishika jambo moja: yule jirani atasema nini. Katekista alikuwa bado anashauri sala, na mimi, niliyekwenda kumwambia kesho yake kwamba mkono ukichomwa hauponi bali unakufa, nilikuwa bado nasema. "Wewe si ulisema hujui?" aliniuliza. Nikasema ndiyo, sijui mkono unaugua nini, lakini moto naujua. Akanijibu kwamba mtu asiyejua akae na mbolea yake. Sauti zetu zilifika hadi mlangoni. Hapakuwa na wa kuzipokea.

Ijumaa nilikuwa stendi kupokea mzigo wa duka. Enzi zile safari ya Tunduru ilikuwa ya vumbi au ya tope, kutegemea mwezi, na ulipanda chochote kilichokubali kwenda. Bwana Rashidi alimwacha Gaudensia karibu na magunia yangu, akaenda kutafuta nafasi kwenye lori. Wapiga debe walikuwa kazini: Njombe, Njombe, Mbinga mbili bado, Namtumbo hii inatoka, dada Namtumbo, dada Njombe, lete mzigo. Mmoja alimshika begi upande huu, mwingine upande ule. Alisimama katikati yao ametulia kabisa, kana kwamba stendi haikuwa na sauti hata moja.

"Kaka," aliniambia, "gari la Mbinga lipi?"

Nilinyoosha kidole. Hicho ndicho kitu pekee nilichofanya mwaka ule wote, na sidai sifa kwa kidole. Alibeba begi lake kwa mikono yote miwili, akapanda, na gari likaondoka na zile nafasi mbili zikiwa zimebaki moja. Bwana Rashidi aliporudi akaniuliza binti yuko wapi. "Sijui," nilisema. Alinitazama, akatazama barabara ya Mbinga, akakaa juu ya gunia langu la mbolea akafuta jasho. "Alhamdulillahi," alisema polepole. Halafu, baada ya muda: "Usimwambie Mwalimu kwamba nimesema hivyo."

Mwalimu alisubiri mwezi mmoja au miwili. Kisha akaanza kusema kwamba binti alipona kabla ya kuondoka, kwamba kilichotakiwa ni muda tu wa tiba kukamilika, na kwa kuwa mgonjwa hakuwepo kumbishia, tiba ilizidi kufaulu mwaka hadi mwaka. Mama Oresta aliikubali hadithi hiyo kwa sababu ilimfaa. Hata Bwana Rashidi, kabla hajafa, nilisikia akiisimulia. Mimi nilihama.

Sasa pale msibani, Mwalimu alipokwisha kujizika katika sifa na kukaa, nilizunguka nyuma ya nyumba. Gaudensia ana tanuri la mikate Mbinga, ana watoto wanaosoma, na alikuwa amekuja na kreti za mikate kwa ajili ya waombolezaji wa shangazi yake. Nilimwuliza kwa nini amekuja. "Ni shangazi yangu," alisema, kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga, na labda nilikuwa nimeuliza. Nikamweleza. Nilikuwa nimeyabeba maelezo yale miaka mingi na niliyatoa kwa mpangilio: uzi, mstari wa katikati, mwito na kufukuzwa, vipokezi, kipokezi kinachomnyamazisha mwenzake. Alisikiliza huku akipanga sahani.

"Kwa hiyo uzi wangu ulipofika katikati haukusikia ukiitwa," alisema.

"Pengine ulisikia nusu. Sina hakika. Hujapimwa."

"Na huko kusoma kote ulisoma kwa ajili ya mkono wangu?"

"Nilisoma ili nijue."

"Na sasa umejua, unaweza kuutuliza?"

"Hapana. Hakuna anayeweza."

"Basi," alisema, bila ukali wowote, "wewe na Mwalimu nendeni mkakae. Chakula kinapoa."

Nilirudi mbele, na kiti kilichokuwa kimebaki wazi kilikuwa ubavuni mwa Mwalimu. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitambua. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. "Unaona yule mama anayekuja?" aliniambia kwa fahari, akielekeza kidevu. "Ndiye yule binti. Angalia mikono ilivyotulia."

Gaudensia alikuwa anakuja kati ya viti na sahani mbili, moja kila mkono. Alisimama mbele yetu, akainama. Vidole vya mkono wa kulia vikafunguka kwa ajili ya Mwalimu Longinus, na wakati huohuo, si kabla wala si baada, vidole vya kushoto vikafunguka kwa ajili yangu.